Wewe Ndiye Usiyebadilisha Zamu

Novemba 2007 vijana wawili waliingizwa chumba cha upasuaji katika Taasisi ya Mifupa pale Muhimbili, Dar es Salaam. Mmoja alikuwa na shida ya goti, mwingine ana uvimbe kichwani. Majina yao ya kwanza yalifanana. Wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti, na huyu wa pili baadaye akafariki dunia. Nchi nzima ilizizima. Mapema 2018 Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi nayo ikapatwa na jambo la aina hiyohiyo: lebo za majina za wagonjwa wawili zilichanganywa, na madaktari wakakaa saa kadhaa wakitafuta damu iliyoganda ndani ya kichwa cha mtu ambaye hakuwa nayo. Mwenye damu iliyoganda hakuwa yule aliyelala mbele yao.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Nimefanya kazi wodini, nikaishia chumba cha upasuaji, na sasa nalima mboga zangu Kihonda, Morogoro, huku majirani wakiniletea vyeti vyao niwasomee. Kila habari kama hizo zinapotoka wananiuliza: huyo daktari alikuwa amelewa? Hakusoma? Watu tunapenda kosa liwe na sura ya mtu mbaya. Wapo wazembe, sikatai, na wapo wasiostahili kushika hata bomba la sindano. Lakini madhara mengi niliyoyaona kwa macho yangu hayakutoka kwa mtu asiyejua kazi. Yalitokea katika makabidhiano.

Fikiria mgonjwa anavyosafiri ndani ya hospitali moja. Mapokezi wanaandika jina. Daktari wa kwanza anamsikiliza na kuandika. Maabara wanachukua damu na kubandika lebo. Wodini anapokewa na muuguzi wa mchana, ambaye saa mbili usiku anamwachia wa usiku, naye asubuhi, macho mekundu, anamwachia mwingine: “Kitanda namba sita dozi ya saa kumi na mbili bado, namba nane anasubiri majibu.” Kila mmoja anaona kipande chake. Katika mlolongo huo wote kuna mtu mmoja tu anayekuwepo mwanzo hadi mwisho, asiyebadilisha zamu wala kwenda nyumbani. Ni mgonjwa mwenyewe.

Sisemi mzigo wa usalama ni wa mgonjwa. Mzigo ni wa hospitali, na ndio inaolipwa kuubeba. Ila muuguzi mmoja akiachiwa wodi nzima usiku, na wagonjwa wengine wamelazwa chini, jicho la ziada linaokoa. Jicho hilo ni lako, au la ndugu anayekuuguza.

Tuanze na jina, maana ndipo mikasa yote miwili ilipoanzia. Kwetu mtu ana majina mengi. Nyumbani ni Mama Neema, kwenye kadi ya kliniki ni jina la ubatizo na la baba, kwenye bima ni jina la mume. Jirani anayemkimbiza hospitali usiku hajui hata moja kati ya hayo. Anajua Mama Neema tu, na karani anaandika anachoambiwa. Nimewahi kuona wodi yenye Mama Neema wawili. Muuguzi anaingia na sindano, anaita, na anayeitika ni yule aliye karibu na mlango. Aliyezuia balaa siku ile alikuwa bibi mmoja aliyekuwa akimuuguza binti yake. Aliuliza kwa upole tu: “Mwanangu, unamtaka Mama Neema yupi? Maana huyu wangu ameshachomwa asubuhi.”

Kwa hiyo taja majina matatu, na tarehe ya kuzaliwa kama unaijua. Yataje kila unapohamishwa kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, hata kama wanayo kwenye faili. Mtu akija na dawa, damu au kiti cha magurudumu, usiitikie “ndiyo” kwa jina aliloita yeye. Mwambie wewe ni nani na umekuja kutibiwa nini. Sisi wauguzi tulifundishwa kuuliza “jina lako nani?” badala ya “wewe ndiye Asha?”, kwa sababu mtu mwenye homa kali huitikia jina lolote. Asiyekuuliza hivyo, mpe jibu hilo bila kuulizwa.

Hapa lazima nigusie jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia: kuazimana kadi za bima. Najua sababu. Mdogo mtu hana bima, dada anayo, sura zinafanana, maisha ni magumu. Sitaki kuongelea kosa la kisheria. Wenye bima watalisema wenyewe. Ninachokiogopa ni faili. Faili linasema dada hana mzio wa penisilini, na mdogo wake anao. Dada hana kisukari, mdogo anacho. Daktari anayetegemea kumbukumbu zile atafanya kazi yake sawasawa kabisa, kwa mtu mwingine. Na baadaye dada akija kweli, faili lake lina magonjwa ambayo hajawahi kuugua. Madhara yakitokea hapo hakuna wa kumshitaki, kwa kuwa kwenye karatasi wewe hukuwahi kutibiwa.

Sasa nije chumba cha upasuaji, ninakokujua kuliko sebule yangu. Kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008 Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha fupi ya ukaguzi yenye vipengele 19 katika hospitali 8 za miji 8 duniani. Palikuwepo London, Toronto na Seattle, na palikuwepo Ifakara, humuhumu mkoani kwetu. Orodha yenyewe haina maajabu. Inawataka watu wa upasuaji wasimame mara tatu: kabla ya usingizi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla mgonjwa hajatolewa chumbani. Waulizane kwa sauti huyu ni nani, tunapasua wapi, ana mzio gani, damu ipo, vifaa na vitambaa vimehesabiwa. Majibu ya jaribio yalitoka Januari 2009: kwa jumla ya hospitali zile, vifo vya waliopasuliwa vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Hakuna dawa mpya wala mashine iliyonunuliwa kwa mabilioni. Watu waliambiwa wasimame na waulizane.

Wasomaji wengi hawajui kwamba kituo kile cha kwanza, kabla ya usingizi, kinakuhusu wewe mwenyewe. Ungali macho, na unatakiwa kuthibitisha kwa mdomo wako jina lako, sehemu inayopasuliwa na kwamba umekubali. Ukiona unapitishwa moja kwa moja mpaka mezani na hakuna aliyekuuliza, sema: “Samahani, mimi ni fulani, nimekuja kupasuliwa ngiri upande wa kulia.” Kama ni mguu, mkono, jicho au figo, yaani viungo vinavyokuja viwiliviwili, omba daktari akuwekee alama kwa kalamu ungali macho. Hakuna daktari mwenye akili timamu atakayekasirika. Atakayekasirika amekupa habari muhimu kabla hujalala usingizi.

Kuhusu vitambaa: vile vya kufyonzea damu, ambavyo sisi tunaviita swabu, huhesabiwa kabla ya kupasua na huhesabiwa tena kabla ya kushona. Hesabu isipolingana, haishonwi mpaka kilichopotea kipatikane. Wewe umelala, huwezi kusimamia hilo. Unachoweza ni kuusikiliza mwili wako baadaye. Homa isiyokata, maumivu yanayozidi siku zinavyokwenda badala ya kupungua, usaha, tumbo kujaa: rudi palepale na useme tarehe uliyopasuliwa. Usiende duka la dawa kununua vidonge vya maumivu. Nimewaona waliofanya hivyo wakirudi wakiwa wamebebwa.

Na ile fomu ya ridhaa. Watu husaini kama wanavyosaini daftari la wageni. Kabla kalamu haijagusa karatasi, uliza wanakata nini na kwa nini, kama kuna njia nyingine, nini kinaweza kwenda kombo, na nani hasa atakupasua. Usisaini karatasi yenye nafasi tupu. Mtu mzima mwenye fahamu zake anajisainia mwenyewe. Mume kukaa karibu ni jambo jema, lakini tumbo ni la mke.

Kwa mama mjamzito maswali hayo yaulizwe kliniki, mapema, maana uchungu ukishika hakuna anayesikia somo. Mwenye kovu la upasuaji wa uzazi uliopita alitangaze tangu mlangoni, kwa kila anayempokea, kwa sababu dripu ya kuongeza uchungu inaweza kupasua mfuko wa uzazi, na wenye kovu ndio walio hatarini zaidi. Na kama mama mkwe amempa dawa ya miti ya kuharakisha uchungu, aseme. Ndiyo, hata kama mama mkwe amesimama pale. Mti ule ukikutana na dripu, vyote viwili vikisukuma mfuko mmoja, hakuna mkunga anayeweza kukadiria. Ndugu aliyeko nje naye ana haki ya kuuliza swali moja lisilo na ugomvi: mapigo ya moyo ya mtoto yamesikilizwa saa ngapi mara ya mwisho? Uchungu ukishakolea, yanapaswa kusikilizwa angalau kila nusu saa. Swali hilo likiulizwa kwa adabu, humfanya mkunga aliyechoka achukue kifaa chake akasikilize.

Dawa ndizo zinazowaumiza watu wengi kimyakimya. Mzee mmoja wa mtaani kwetu alianza kuona kizunguzungu, akaanguka mlangoni mwa choo. Wanawe waliamini amerogwa. Nikawaambia waniletee dawa zake zote, wakaja na mfuko mzima. Zahanati moja ilikuwa imempa furosemaidi ya kupunguza maji mwilini, na hospitali nyingine, isiyojua habari za zahanati, ikampa Lasix. Ni dawa ileile kwa majina mawili. Mzee alikuwa anakunywa dozi mara mbili, kwa utii kabisa, na maji yanamwisha mwilini. Hapo hakuna daktari aliyekosea kwenye karatasi yake. Kosa lilikuwa katikati ya karatasi mbili, na katikati hapo palikuwa na mzee ambaye hakuna aliyemwambia azibebe zote.

Basi beba dawa zako zote, kila unapokwenda. Nasema zote, pamoja na za kienyeji, za maumivu ulizonunua mwenyewe, na zile unazozificha kwa sababu hutaki watu wajue ugonjwa wako. Mficha maradhi kilio humfichua, walisema wahenga, na sisi wauguzi ndio tuliokuwa tukikisikia kilio chenyewe. Ukipewa dawa mpya, usiondoke dirishani kabla hujaambiwa jina lake, inatibu nini, unaitumia mara ngapi na mpaka lini. “Mara ngapi” si swali la kitoto. Iko dawa iitwayo methotreksati, wanayopewa baadhi ya wagonjwa wa baridi yabisi. Kwa ugonjwa huo hunywewa mara moja kwa wiki. Mtu akiinywa kila siku kwa kuzoea vidonge vingine, inaweza kumuua. Mwandiko wa daktari ukikushinda kuusoma, muombe akuandikie tena kwa herufi kubwa. Pengine na mwenye duka la dawa umemshinda, ila anaona haya kusema.

Kuhusu mahali pa kutibiwa nitasema kwa kifupi. Leseni ya kituo inapaswa kuonekana ukutani. Madaktari wa Tanzania Bara wamesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, wauguzi na wakunga wana baraza lao, wafamasia wana lao, na Zanzibar ina baraza lake la madaktari. Kwa walioko Kenya, baraza la madaktari na madaktari wa meno limeweka orodha ya wenye leseni kwenye intaneti, unaweza kumtafuta mtu kwa simu yako. Anayekuja kukuchoma sindano nyumbani kwa sababu “ni mtu wetu” hana faili, hana risiti na hana pa kumkuta kesho.

Turudi kwenye makabidhiano, maana ndugu nao wana zamu. Asubuhi yupo shangazi, mchana mke, jioni mdogo mtu ametoka kazini. Daktari amemwambia shangazi jambo moja, mke ameambiwa lingine, na jioni hakuna anayejua mgonjwa amekula nini wala amechomwa nini. Nunueni daftari la shule. Likae chini ya mto wa mgonjwa. Kila mtu aandike tarehe, saa, dawa iliyotolewa, kipimo kilichochukuliwa, na nani kasema nini. Majibu ya maabara, picha na cheti cha kutoka wodini vipigwe picha kwa simu siku hiyohiyo. Daftari hili halikusudiwi kumtisha mtu. Kazi yake ya kwanza ni kuzuia kosa. Muuguzi wa zamu mpya akikuta mmeandika kwamba dozi ya jioni imeshatolewa, atakushukuru. Kazi ya pili inakuja pale tu mambo yakiharibika.

Na yakiharibika? Kwanza tuelewane: si kila matokeo mabaya ni uzembe. Kidonda kinaweza kuoza hata mikono ikiwa safi. Mama anaweza kutokwa damu nyingi mbele ya mkunga hodari. Mahakama haiulizi kama uliumia tu. Inauliza kama aliyekutibu alifanya chini ya kiwango kinachotarajiwa kwa mtaalamu wa aina yake, na kama ni hilo, si ugonjwa wenyewe, lililokuumiza. Ndiyo maana maumivu matupu hayatoshi, karatasi zinahitajika.

Anza ndani ya kituo. Mwone muuguzi mfawidhi wa wodi, kisha mganga mfawidhi, na malalamiko uyaandike. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Omba kwa maandishi nakala ya kumbukumbu zako. Msipige kelele wodini wala kumvamia muuguzi; mkifanya hivyo habari itageuka kuwa fujo zenu. Usiporidhika, nenda kwa mganga mkuu wa wilaya au wa mkoa, na kwenye baraza la taaluma husika. Baraza linaweza kumwonya mtaalamu, kumsimamisha au kumfuta kwenye rejista. Ukitaka fidia, hiyo ni kazi ya mahakama. Kuna pia wanaopenda “kumalizana” pembeni, bahasha na karatasi ya kusaini kwamba huna madai tena. Usisaini kabla mwanasheria hajaisoma. Asiye na fedha ya wakili asikate tamaa: Tanzania ina Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wasaidizi wa kisheria wapo wilayani, na mashirika kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu yanapokea watu.

Mgonjwa akifariki na mna shaka, ombeni uchunguzi wa maiti kabla ya mazishi. Najua tunavyoharakia kuzika, na najua uzito wa kumwambia mzee wa familia asubiri. Lakini kaburi likishafunikwa, kulifukua kunahitaji amri ya mahakama, na kila siku inayopita inaondoka na ushahidi.

Wengi hulia, husamehe, humwachia Mungu, kisha mwaka wa nne hasira inarudi na wanatafuta wakili. Wakati huo mlango umefungwa. Kwa Tanzania na kwa Kenya, madai ya madhara ya aina hii kwa kawaida yana ukomo wa miaka mitatu, ila kwa Kenya madai dhidi ya serikali yana ukomo wa miezi kumi na miwili tu. Kwa hospitali ya serikali hapa Tanzania, lazima kwanza utoe taarifa ya maandishi ya siku 90 kabla ya kufungua kesi. Kama una jambo la namna hiyo moyoni, litoe leo: tafuta cheti chako, angalia tarehe iliyoandikwa juu yake, na uanze kuhesabu.